Kipima pawa saplai: kinunuliwe au kiachwe?

Habari zenu wadau, karibuni mezani, leo niko na haka kadude, ngoja nikasogeze kwenye kamera mkaone vizuri, ni kipima pawa saplai, yani cha kupimia kile kiboksi kinachoigawia kompyuta umeme, ni kisanduku cha kukaa kiganjani, kina skrini ndogo na mahali pa kuchomeka ule waya mpana wa pini 24 unaoenda kwenye mazabodi, yani ule ubao mkuu wa kompyuta. Nimekileta kwa sababu meseji zenu nyingi ni zile zile, kompyuta ya mezani haiwaki kabisa, au inawaka halafu inastaki, yani inaganda, na fundi kashasema mazabodi imekufa nunua nyingine. Jamani, usitoe hela kabla hujapima!

Haya twende. Zima swichi ya ukutani kwanza, chomoa waya zote za pawa saplai kwenye mashine, chomeka ule wa pini 24 hapa, na ule wa prosesa, yani ubongo wa kompyuta, hapa, washa. Cheki skrini, volti 12 inasoma 12.1, volti 5 iko 5.0, ile ya 3.3 iko palepale. Kinachoruhusiwa ni asilimia 5 juu au chini, yani volti 12 isishuke chini ya 11.4 na isizidi 12.6. Alafu kuna hii imeandikwa PG, wengi wanairuka na mimi ndo naanza nayo, ni muda ambao pawa saplai inatumia mpaka iiambie mazabodi kwamba umeme umetulia anza kazi, inatakiwa icheze kati ya milisekunde 100 na 500. Sasa nachomeka hii nyingine, imetoka kwenye mashine ambayo feni zinazunguka, taa zinawaka, ila kioo cheusi tii. Volti zote nzuri kabisa, lakini PG hiyooo, sifuri, na kipimo kinalia. Mazabodi inasubiri ruhusa haipati, inabaki imejizuia hapo hapo, na mtu angeshanunua mazabodi nyingine bila sababu.

Kwa kazi hiyo nakipa maksi zote, na bei yake ni ndogo kuliko pawa saplai mpya yenye ubora.

Ila kwa kompyuta inayostaki hakitoshi, nasema ukweli, kwa sababu hakina mzigo wa maana, yani hakivuti umeme mwingi kama mashine yenyewe, pawa saplai inaweza kusoma vizuri hapa ikiwa haifanyi kazi, ukirudisha kwenye mashine ukafungua gemu volti zinaporomoka. Mashine ya kustaki anza na ramu, yani vile vibao vya kumbukumbu ya muda, chomoa, futa yale meno ya dhahabu kwa kifutio taratibu, rudisha moja moja na ujaribu kila sloti, yani kila tundu la kuchomekea. Kama bado, toa vumbi kwenye feni ya prosesa na ubadilishe pesti iliyokauka, ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, joto linastakisha sana hasa huku kwetu pwani. Angalia na zile kapasita kwenye mazabodi, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, vichwa vikiwa vimevimba umeshapata jibu. Na tafadhali sana, usifungue pawa saplai yenyewe, kapasita za mle ndani zinabaki na umeme hata ukishachomoa ukutani, zinaua.

Kitu kingine kabla hujaagiza, wengi wetu tunatumia mashine za mtumba zilizotoka maofisini, HP na Dell, na nyingi za miaka ya karibuni plagi yake siyo ya pini 24, unakuta pini 6 au 8 za muundo wao wenyewe, hiki kipimo hakiingii, usilazimishe. Kwenye Dell nyingi za aina ya OptiPlex geuza nyuma, karibu na pale unapochomeka waya wa umeme kuna kibatani kidogo na kitaa, chomoa zile waya za ndani ukibonyeze, kikiwaka kijani pawa saplai inatoa umeme, kisipowaka tafuta nyingine ya modeli ile ile.