Gari inayojibadilishia leni: miezi mitatu yangu Nairobi

Nimeendesha hii gari karibu miezi mitatu sasa na kusema ukweli, ile kitu ya kubadilisha leni yenyewe iko poa sana ukiwa Nairobi Expressway. Toka Mlolongo hadi Westlands ni kilomita 27, mistari imechorwa vizuri, hakuna boda, unawasha tu indiketa gari inasubiri kidogo, kamera na rada zinaangalia kando na nyuma, halafu inahama pole pole bila kukurusha. Hapo naipa kumi kwa kumi.

Shida ni huku chini Mombasa Road. Mistari imefutika, matatu zinajipenyeza bila indiketa, na boda zinapita katikati ya magari. Siku moja karibu na Bellevue ilianza kuingia kulia na kuna boda anakuja nyuma mbio, gari haikumuona mapema, nikavuta usukani mwenyewe na ikaniachia hapo hapo, lakini moyo ulidunda hadi nafika nyumbani. Huku chini naizima kabisa siku hizi.

Kama gari yako iko na hii kitu, ingia kwa setingi kabla hujatoka, chagua isihame mpaka wewe uikubalie, na mikono isitoke kwa usukani jameni, dereva bado ni wewe. Yule aliyeniuzia hakunionyesha hata setingi iko wapi, nilijitafutia pekee yangu kwa parking, na hiyo iliniuma sana juu nabeba watoto kila asubuhi.