Kipimo cha DNA cha nyumbani: ununue kipi, na umpime nani kwanza

Asalaam aleykum, hamjambo nyote, mlioko Mombasa, Unguja, Moroni, Muscat, London na Toronto. Leo hapa mezani nina visanduku vitatu vya kupima DNA nyumbani: AncestryDNA, MyHeritage na FamilyTreeDNA. Cha 23andMe sikukileta, ila nitakizungumzia, kwa sababu kampuni hiyo imepitia mengi na wapo miongoni mwenu ambao tayari mate yenu yako kwake.

Swali mnaloniuliza kila mara ni hili: nataka kujua asili yangu, nichukue kipi? Nami kabla sijajibu huwa nauliza, unataka kujua nini hasa? Unataka asilimia za nchi? Unatafuta ndugu walio hai? Au unafuata mstari mmoja tu, wa baba au wa mama? Hivi ni vitu vitatu tofauti, na pesa nyingi hupotea kwa sababu mtu amenunua kipimo cha jambo moja akitaka kujua jingine.

Tuanze na asilimia, maana ndizo zinazotangazwa. Kampuni inasoma maeneo kama laki sita au saba hivi ya DNA yako, halafu inayalinganisha na DNA za watu ambao asili yao inajulikana. Hao watu wa kulinganishia ndio roho ya kipimo chote. Kwa mtu wa Ireland au Italia wako tele. Kwetu sisi ni haba. Mradi wa kimataifa wa 1000 Genomes, uliokamilika mwaka 2015, ulikuwa na watu 2,504 kutoka jamii 26 za dunia, na Afrika Mashariki nzima iliwakilishwa na jamii moja tu, Waluhya wa Webuye, Kenya. Hakuna Mmakonde, hakuna Mdigo, hakuna Msukuma, hakuna mtu wa Lamu. Kampuni zina sampuli zao nyingine na zinaongeza, lakini bado pengo ni kubwa. Kwa hiyo ukiandikiwa "Kenya asilimia 40", maana yake ni kwamba kipande hicho cha DNA yako kinafanana na kundi hilo kuliko makundi mengine waliyo nayo kabatini. Mtu wa Tanga anaweza kabisa kuandikiwa Kenya, na wazee wake wote hawajawahi kuvuka mpaka wa Horohoro. Ndiyo sababu pia asilimia hubadilika kampuni inaposasisha hesabu zake. Mwaka huu umeandikiwa Iran, mwakani Iran inapungua na Uarabuni inapanda, na DNA yako ni ile ile.

Kwa hiyo asilimia pekee hazitoshi kuwa sababu ya mtu wa kwetu kutoa dola 99.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Katika nyumba nyingi za Pwani kuna shajara ya nasaba. Wengine wameitia fremu ukutani, wengine imo ndani ya msahafu wa babu. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka Hadhramaut, mpaka Oman, mpaka Shiraz. Mimi naziheshimu karatasi hizo, zimetunzwa kwa amana kubwa. Lakini soma kutoka juu mpaka chini umtafute mwanamke. Mara nyingi hayumo. Mama wa babu hana jina, bibi yake hana jina, na wengine kati yao walikuwa wenyeji wa hapa hapa, wengine waliletwa utumwani, wengine walikuwa masuria. Hata watoto wa Seyyid Said mwenyewe, sultani wa Oman na Zanzibar aliyefariki mwaka 1856, walizaliwa na masuria. Hao ndio waliotuzaa, na karatasi haikuwaandika.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya zamani ya Pwani: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara. Miongoni mwa watafiti walikuwemo David Reich wa Harvard na Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya. Walichokikuta ni kwamba wengi wa watu hao wa Pwani walikuwa na nusu au zaidi ya DNA yao ya Kiafrika, na hiyo ilitoka hasa kwa mama zao. Upande wa Asia, Uajemi zaidi na India kidogo, ulitoka hasa kwa wanaume. Kuchanganyika kulianza mnamo mwaka 1000, na baada ya 1500 damu ya Uarabuni ikaongezeka. Maana yake masimulizi ya wazee kuhusu asili ya Shirazi, yaani Uajemi, yalikuwa na ukweli ndani yake, na kinamama wa Kiafrika walikuwepo tangu mwanzo, kwa wingi.

Kwa hiyo kama unaniuliza kipimo gani kina jambo jipya la kumwambia mtu wa Pwani, nitasema ni cha mstari wa mama. DNA ya mitokondria, yaani ile ndogo iliyo kwenye sehemu ya seli inayozalisha nguvu, hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, na binti ndiye anayeiendeleza. Maandishi yake ya DNA yana herufi 16,569 tu, na FamilyTreeDNA wanaisoma yote kwa kipimo wanachokiita mtFull Sequence. Utapewa kundi, linaloitwa haplogrupu, la watu waliotokana na mama mmoja wa kale. Jina lake likianza na herufi L, huo ni mstari wa Afrika. Likiwa kundi jingine, mara nyingi mstari huo uliingia kutoka nje ya bara. Lakini usitarajie jina la kijiji wala kabila, kwa sababu makundi haya ni ya kale na yameenea. Anayekuahidi kabila moja kwa mstari mmoja, muulize amelinganisha na watu wangapi na wa wapi.

Mstari wa baba unasomwa kwenye kromosomu Y, kifurushi cha DNA ambacho baba humrithisha mwanawe wa kiume tu, na hapo lazima apimwe mwanamume. Dada zangu, nyinyi hamnayo. Mpime baba, kaka, au ami yako aliyezaliwa na babu mzaa baba. Kwa Y, FamilyTreeDNA ndio wenye uzoefu na hazina kubwa, wako Houston tangu mwaka 2000. Kipimo chao kikubwa, Big Y-700, kinapita dola 400 kwa bei kamili, kwa hiyo anza na kile kidogo cha Y-37.

Tufungue visanduku. Hiki cha Ancestry kina kichupa cha mate. Unatema mpaka ufike mstari huu, na povu halihesabiwi, kisha unafunga na kifuniko chenye maji ya bluu, unatikisa. Nusu saa kabla usile, usinywe, usivute, usitafune chochote. Kwako wewe kijana ni jambo rahisi. Sasa mpe bibi wa miaka themanini na ushei, mdomo umekauka kwa dawa za presha, uone atakavyohangaika kukijaza. Nimemwona mzee wangu akitema, akipumzika, akitema tena, na povu tupu ndilo linalopanda. Hivi vya MyHeritage na FamilyTreeDNA vina vijiti vya kusugulia ndani ya shavu. Unasugua shavu hili kama dakika moja, kijiti cha pili shavu la pili, unavitia kwenye vichupa, basi. Kwa wazee, chukua cha vijiti bila kufikiri mara mbili.

Na wazee ndio wa kupimwa kwanza! Wewe umebeba takriban robo tu ya DNA ya bibi yako, robo tatu nyingine hunayo. Bibi anayo yote. Ndugu ambaye kwako angeonekana kwa mbali sana au asionekane kabisa, kwa bibi anaonekana wazi. Ikiwa pesa yako inatosha kisanduku kimoja, kiende kwa bibi. FamilyTreeDNA pia huhifadhi sampuli kwa miaka mingi, kwa hiyo leo unaweza kulipia kipimo cha bei nafuu na baadaye ukaagiza kingine juu ya sampuli ile ile, hata kama bibi ametangulia mbele za haki.

Lakini mwelezeni kwanza, na mumuombe idhini kwa maneno anayoyaelewa. Kipimo hiki kinaweza kuonyesha mtoto wa nje, baba asiye baba, ndugu asiyejulikana. Kama bibi hataki, basi. Heshima yake iko juu ya udadisi wetu.

Kutafuta ndugu walio hai ndiko Ancestry inakoshinda, kwa sababu ina watu zaidi ya milioni 20. MyHeritage ina Wazungu wa Ulaya wengi, hivyo ni nzuri kama ndugu wamesambaa huko. Ancestry haipokei data ya kampuni nyingine, ila data yako unaweza kuishusha na kuipandisha GEDmatch, tovuti ya kulinganisha data za kampuni mbalimbali. Kuna jambo moja ambalo programu hizi hazilijui vizuri, nalo ni desturi yetu ya kuoana mabinamu. Wazazi wakiwa ndugu, na babu na bibi wakiwa ndugu, DNA inarudiarudia, na programu inakwambia huyu ni binamu wa karibu kumbe ni wa mbali kwa njia kadhaa. Usitazame peke yake jumla ya sentimogani, yaani kipimo cha urefu wa DNA mnayoshirikiana, tazama kipande kirefu kuliko vyote. Jumla kubwa yenye vipande vifupi vifupi ni dalili ya undugu wa zamani uliojirudia.

Kuhusu usalama. Mwaka 2023 wadukuzi walipata taarifa za watu karibu milioni 6.9 wa 23andMe. Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi, na baadaye ikanunuliwa na taasisi isiyo ya faida inayoongozwa na mwanzilishi wake, Anne Wojcicki, kwa dola milioni 305. Kama una akaunti huko, ingia uamue: unaweza kufuta data na kuomba sampuli iharibiwe. Kwa akaunti yoyote ile, washa uthibitishaji wa hatua mbili na ukatae DNA yako kutumiwa kwenye utafiti kama hujasoma masharti yake. FamilyTreeDNA na GEDmatch huwaruhusu polisi kutafuta kwa kesi kubwa, na mpangilio wa kujiondoa upo.

Mlioko Ufaransa, kipimo hiki cha asili kimekatazwa huko na faini yake inafika euro 3,750. Mlioko Tanzania, kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo ulizeni ofisi yake kabla hamjasafirisha sampuli nje.

Basi chaguo langu. Kwa bibi: FamilyTreeDNA, kile cha Family Finder cha kutafuta ndugu pamoja na mtFull cha mstari wa mama, hicho cha pili hata mwakani. Kwa wewe kijana uliye ughaibuni unayesaka ndugu: Ancestry. MyHeritage nunua ikishuka bei, na hushuka sana Novemba. Kabla ya kulipa angalia kama wanatuma nchi uliyopo, na gharama ya posta iko ndani au nje.

Kisanduku kikifika, sajili namba iliyo kwenye kichupa kabla ya kukirudisha posta, kwa jina la aliyepimwa. Watu hupima wazee wawili siku moja wakachanganya vichupa, kwa hiyo malizeni mmoja, mfunge bahasha, ndipo mwende kwa mwingine. Majibu kwa kawaida ni wiki nne hadi nane tangu maabara ipokee. Wakati mnasubiri, kaeni na bibi mumuulize jina la mama yake, na la mama wa mama yake, na alizaliwa wapi, mkarekodi kwa simu.