Sanduku la Kufugia Nyungunyungu: Trei Nzuri, Mfuniko Mbaya

Sanduku hili la trei tatu linastahili sifa hasa kwa matundu ya sakafu zake, kwani nyungunyungu hupanda wenyewe kufuata mabaki mapya ya mboga na kuacha chini mboji nyeusi, laini, isiyonuka, ambayo huvunwa bila kuwachambua mmoja mmoja. Koki ya kutolea maji ni ya kawaida tu. Kasoro kubwa ni mfuniko usiopitisha hewa ya kutosha: viumbe hawa hawana mapafu, hupumua kupitia ngozi yenye unyevu, na joto likizidi nyuzi 30 hudhoofika. Mwongozo nao hauelezi popote kwamba nyungunyungu wachimbao mashimo marefu ardhini (ambao ndio wengi wetu tungekimbilia kuwachimbua) hawafai humu. Wanaohitajika ni wale wekundu waishio kwenye majani yanayooza.