Kabla hujalipia chupa ya gesi Goma, ikwangue rangi kwanza

Chupa ya bluu niliyonunua Birere ilikuwa inang'aa hivi kwamba watoto walikatazwa kuigusa. "Mama, iko mpya kabisa," muuzaji aliniambia. Siku ya tatu naigeuza niifute, rangi ya chini ikabanduka kama ganda la kitunguu, kutu tupu. Nikakwangua shingoni kwa ukucha mpaka namba zikatokea: 2008.

Watu huuliza kilo na bei. Hakuna anayeuliza tarehe. Chuma chenyewe kikitunzwa hudumu hata miaka 30, lakini lazima chupa ipimwe upya kila baada ya muda. Nchi nyingi huweka miaka 10. Wapimaji huisukumia maji kwa nguvu waone kama itavumilia, kisha hugonga tarehe kwenye chuma, shingoni au kwenye kola, ule ukingo wa chuma unaozunguka valvu. Rangi nene ikizijaza zile namba, rudisha. Mtu hapaki rangi mara tatu juu ya tarehe nzuri.

Kwangu ya kwanza ni chupa ya kilo 12 au 13 ya kampuni inayobadilisha: unapeleka tupu, unachukua iliyojaa, na mzigo wa kupima ni wao. Soma tarehe hata hivyo, kila mara. Ya pili ni mpya unayoimiliki mwenyewe. Ya mwisho ni kama ile yangu. Kile kichupa cha kilo 6 chenye jiko kichwani kinamtosha mwanafunzi.

Detanderi, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi kinachofungwa kwenye valvu, sitaficha: mimi ni wa Cavagna, ya Italia, mradi iingie sawasawa kwenye valvu yako. Zile nyepesi zisizo na jina ziache hapohapo mezani. Mpira wa kupitishia gesi nao una tarehe iliyochapwa ubavuni. Ukifika miaka 5 ubadilishe, na ukipasuka kabla, usingoje.

Sisi wa Goma tunayajua mazuku, ile hewa inayolala mabondeni na kuua mbuzi. Gesi ya chupa nayo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, ila hii inasubiri cheche. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua mlango, si kidirisha cha juu peke yake, na swichi ya taa usiiguse. Kuvuja hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio. Kiberiti hapana! Chupa isimame wima, na uani usiitue juu ya mawe ya volkano yenye maji. Weka kibao chini, kutu huanzia pale.

Nilimrudishia muuzaji chupa yake. Kumbe asubuhi ya kununua alikuwa amekataa dola 20 yangu kwa sababu ya kona iliyochanika kidogo, nikarudi nyumbani kuleta nyingine. Baada ya kubishana saa nzima akanirudishia pesa, na kati ya noti zake moja ilikuwa imebandikwa gundi katikati.