Nyumba ya Wageni Mkunazini, Mji Mkongwe
Nyumba hii ni miongoni mwa zile zilizofufuliwa kwa fedha za utalii tangu UNESCO ilipoutangaza Mji Mkongwe wa Zanzibar kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukarabati umefanywa kwa heshima kubwa: kuta za mawe ya matumbawe zimepigwa lipu ya chokaa badala ya saruji, ambayo hufungia unyevu ndani na kuozesha boriti, na baraza ya nje imeachwa wazi, hivyo wazee wa mtaa bado huketi hapo jioni wakinywa kahawa. Mkate wa ufuta wa asubuhi hununuliwa kwa jirani. Ninacholalamikia ni muziki wa mgahawa wa darini, unaopita saa tano usiku na kuwanyima usingizi watoto wa shule. Uongozi uuzime mapema, maana kodi za pango pekee zinatosha kuzisukuma familia za watoto hao kuhamia Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe.