Kurusha bao laivu kutoka sebuleni Tanga: taa mbili na shuka zimeishinda kamera

Nianze na hukumu, asiye na muda aondoke nayo. Katika vifaa vyote nilivyotumia kurusha bao la kete mubashara kutoka sebule ya Ngamiani, hapa Tanga, kilichobadilisha picha kuliko vyote ni taa mbili za LED zilizozibwa kwa shuka jeupe. Kamera ilikuja ya pili, maiki ya tatu, na ile taa ya duara wanayopenda watu wa TikTok ikashika mkia. Kipimo changu ni kimoja tu: mtazamaji mwenye simu mkononi aweze kuhesabu kete zilizomo shimoni kabla mchezaji hajazichota. Asipoweza, hajaona bao, ameona mikono ikipita.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kete zenyewe ni komwe: rangi ya kijivu, mviringo, ganda linang'aa kama limepakwa mafuta. Shimo nalo ni kibakuli chenye kivuli chake. Kinachong'aa kimelala ndani ya giza, na mkono unapita juu yake kila baada ya sekunde chache. Hapo kamera iliyoachwa kwenye otomatiki haijui ishike lipi.

Wanaorusha pinball majumbani kule Marekani wana taabu inayofanana na hii, kwa kuwa mpira wao ni wa chuma unaong'aa na uko chini ya kioo. Mpangilio wao wa kawaida ni picha tatu: uwanja wa mchezo kutoka juu, sehemu ya pointi, na mchezaji mwenyewe. Nimeujaribu kwenye bao. Picha ya uwanja ndiyo roho ya matangazo, ya wachezaji inanogesha, lakini ya pointi haina pa kukaa kwa sababu bao halina ubao wa pointi. Anachotaka kujua mtazamaji wakati wa kunamua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi ubaoni, ni kete ngapi zimebaki mkononi. Kila mchezaji huanza na 6 kwenye nyumba, lile shimo kuu la upande wake, 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Hilo halikuhitaji kamera wala maandishi ya kompyuta. Kila mchezaji apewe kibakuli kidogo cha kuwekea kete zake, kiwe ndani ya picha, kwisha.

Kamera ya juu: simu imeishinda kamera ya wavuti

Nilitumia kamera ya wavuti ya 1080p yenye upana wa nyuzi 78 kona kwa kona, kisha simu ya Android yenye lenzi ya kukuza mara 2. Hesabu ndiyo iliyoamua. Ubao wangu ni sentimita 75 kwa 35 na umewekwa juu ya kigoda. Ili vichwa vya wachezaji wanaoinama visizibe mashimo, kamera ikae kama sentimita 145 juu ya ubao. Kwa kimo hicho kamera ya wavuti inaona upana wa karibu sentimita 200, zaidi ya nusu yake ikiwa mkeka na magoti. Kete ya sentimita 2 inapata pikseli 19 tu, na ukirusha kwa 720p zinabaki 12 au 13. Hapo kete nne zikirundikana zinaonekana donge moja. Simu kwenye mara 2, kimo kilekile, inaona kama sentimita 100. Kete inapata pikseli 38, au 25 kwenye 720p, na inahesabika.

Utasema basi nishushe kamera ya wavuti. Ukiishusha hadi sentimita 70 upana unakuwa sawa, lakini sasa iko usawa wa paji la uso. Mchezaji akiinama kutazama kimbi, shimo la karibu na ncha ya safu, watazamaji wanaangalia kofia.

Simu nyingi hazitoi picha kwa HDMI kupitia tundu la USB-C, hata ukinunua kigeuzi cha bei gani. Angalia sifa za simu kabla hujatoa pesa. Njia inayofanya kazi kwa nyingi ni programu ya kuunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, na baadhi ya simu za Android 14 na kuendelea zina hali ya kamera ya wavuti ndani yake tayari. Tumia waya, siyo Wi-Fi. Kwa Wi-Fi picha ilikuwa ikisita kila mtu wa nyumbani alipofungua video. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5, na usiunganishe vipande viwili kwa kiungio. Picha itakatika katikati ya mtaji, hatua ya pili ya mchezo kete zote zikiwa ubaoni, na utalaumu programu bure. Kamera mbili kwenye habu moja ya USB nazo hugombania njia, kwa hiyo kila moja ipewe tundu lake.

Kadi za kunasa picha (vifaa vya kuingizia picha ya HDMI kwenye kompyuta) za bei nafuu zinazoandikwa 4K kwenye boksi: soma maandishi madogo. Nyingi hupokea 4K lakini hupeleka 1080p kwenye kompyuta. Kwa bao zinatosha kabisa, mradi usilipie neno lililoandikwa juu ya boksi.

Simu ikining'inia juu ya watu iwe na kamba ya pili ya usalama, siyo kishikio peke yake. Stendi yangu ni miti miwili ya mbao ya inchi 2 kwa 2 na mwamba juu, kama goli, kazi ya fundi seremala ya asubuhi moja. Mabomba ya plastiki ni mepesi kubeba lakini yanayumba pangaboi likizunguka. Miguu ya stendi isiguse kigoda cha bao, la sivyo kila kete inayotupwa kwa nguvu inatikisa picha nzima. Joto la Tanga wakati wa kaskazi ni habari nyingine: simu inayochaji huku ikirusha picha inachemka, kisha inapunguza fremu yenyewe bila kukuomba ruhusa. Vua kava, punguza mwanga wa kioo, elekeza feni ndogo mgongoni mwake. Nyota 4 kati ya 5.

Taa, na kwa nini picha inapiga mistari

Taa ya duara nimeipa nyota 1. Ikiwa juu karibu na kamera, kila komwe inakuwa na pete nyeupe katikati, ubao mzima unakukodolea macho. Isogeze pembeni, inabaki kuwa taa ndogo ya kawaida iliyouzwa ghali.

Kilichofanya kazi: balbu mbili za LED za wati 12, mwanga mweupe, aina moja na toleo moja ili rangi zisipishane. Kila moja nimeiweka ndani ya boksi la karatasi lililokatwa upande mmoja, upande huo ukafunikwa shuka jeupe, na shuka likae mbali na balbu kwa sentimita 15 hivi. Maboksi yakae kwenye ncha mbili fupi za ubao, siyo nyuma ya wachezaji. Umbali sentimita 70 kutoka ukingoni, kimo sentimita 90 hivi, yakiinamia ubao. Mwanga unaotoka upande mmoja hugonga mbao na kurukia upande wa pili, haupandi kwenye lenzi, ndiyo maana vanishi haiwaki. Taa moja haitoshi. Ukuta wa shimo unatupa kivuli juu ya nusu ya kete, na hizo ndizo mtazamaji atakazokosa kuhesabu. Taa ya pili inafuta kivuli cha ya kwanza.

Mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha haitokani na ubovu wa simu. Umeme wetu ni hezi 50, na balbu nyingi za LED za bei ya chini hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ikiwa sekunde 1/60, kila fremu inakata mpepeso mahali tofauti. Weka 1/50 au 1/100, mistari inaondoka. Mimi nimekaa kwenye 1/100, kwa sababu 1/50 inaburuza kete wakati mchezaji anazigawa mashimoni haraka. Inakula nusu ya mwanga, lakini taa mbili zinaubeba. Kamera za wavuti huwa na kipengele cha hezi za umeme kwenye mipangilio, na mara nyingi utakikuta kimewekwa 60. Kibadilishe kuwa 50.

Halafu funga kila kitu: fokasi, mwangaza, mizani ya weupe. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye laivu za bao na za drafti. Mkono mweusi unaingia, kamera inaongeza mwangaza. Kanzu nyeupe inaingia, inapunguza. Picha inapumua kama mtu mwenye pumu. Fokasi ifungwe juu ya kete zilizomo shimoni, siyo juu ya kidole. Ukishaifunga, funga na dirisha. Mchezo ukianza saa 10 alasiri kwa mwanga wa jua, ikifika saa 12 jioni picha yote imeingia giza nawe umekaa kwenye mipangilio ileile. Pazia zito, taa zako mbili, basi. Nyota 5.

Sauti

Mlio wa kete ndio utamu wa bao. Mzoefu hujua kwa kusikia tu kama mtu bado anagawa kete au amelala, yaani zamu yake imeishia kwenye shimo tupu. Kwa hiyo nimetenga maiki mbili.

Ya kete ni maiki ndogo ya kubana shatini, BOYA BY-M1, yenye waya wa mita 6 unaofika kwenye kompyuta bila kiungio. Imelala juu ya kanga iliyokunjwa, sentimita 25 kutoka ncha ya ubao. Ukiibandika kwenye mbao zenyewe unapata ngurumo badala ya mlio. Ina swichi moja yenye hali mbili, ya simu na ya kamera. Kwenye hali ya simu betri haihitajiki, kwenye hali ya kamera inahitaji LR44, na wengi wanaolalamika kwamba haitoi sauti wamesahau swichi hiyo. Plagi yake ni ya pete tatu, ya simu.  Inasikia pande zote, na hapo ndipo kasoro ya chaguo langu ilipo: pangaboi, bodaboda, na redio ya jirani vyote vinaingia. Pangaboi lizimwe au liwekwe namba 1. Muziki wa jirani si kelele tu. YouTube huutambua na kudai haki zake hata ukisikika kwa mbali. Kuta za sebule zinazorudisha mwangwi nimezituliza kwa mkeka ukutani na godoro kusimamishwa kwenye kona.

Mtangazaji anatumia maiki ya dainamiki, mdomo ukiwa mbali kwa ngumi moja. Kwenye OBS Studio, programu ya kompyuta ninayorushia matangazo, kichujio cha kuondoa kelele kiwekwe kwenye maiki hii peke yake. Usikiweke kwenye ya kete. Kimetengenezwa kubakiza sauti ya mtu, na mlio wa komwe kwake ni kelele: kinaufuta wote, kisha utashangaa bao limekuwa bubu. Sauti ya mtangazaji nimeiacha ifike kati ya −12 na −6 dB, kete kwenye −18 au juu kidogo.

Picha ya simu huchelewa kuliko maiki. Piga kofi moja juu ya ubao, rekodi, hesabu fremu kati ya mlio na viganja kukutana. Kwa fremu 30 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 33. Kwangu zilikuwa fremu 4, nikachelewesha maiki zote mbili kwa milisekunde 130. Rudia kipimo kila ukibadilisha waya au programu. Na ukisikia mvumo wa chini usioisha, chomoa chaja ya laptopu kwanza. Mvumo ukikoma, tatizo ni umeme usio na waya wa ardhi, maiki yako ni nzima. Nyota 4 kwa maiki ndogo, na nusu nyingine kama unaishi mbali na barabara.

Intaneti na umeme

Narusha 720p, fremu 30, bitireti (kiasi cha data kinachopandishwa kila sekunde) ya kudumu kbps 3,000 na sauti kbps 128. Hiyo ni karibu GB 1.4 kwa saa, kwa hiyo mechi za saa mbili zinakula karibu GB 3. Ukipanda 1080p kwa 4,500 unafika kama GB 2.1 kwa saa. Pima kasi ya kupandisha, siyo ya kushusha, na upime saa ileile utakayorusha, maana asubuhi na saa 2 usiku ni mitandao miwili tofauti. Kasi ikiwa chini ya mara moja na nusu ya bitireti yako, punguza bitireti. Akaunti mpya ya YouTube huweza kungoja hadi saa 24 kabla haijaruhusiwa kurusha laivu, na kwa simu moja kwa moja inataka wafuasi 50. Kwa kompyuta sharti hilo halipo.

Umeme ukikatika laptopu na simu vinabaki, kinachokufa ni ruta na taa. Ruta nimeipa UPS ndogo ya volti 12. Soma volti na upande wa chanya kwenye adapta kabla hujachomeka. Balbu za kuchaji zinashikilia mechi hadi mwisho, ila rangi yake si ileile, kwa hiyo mizani ya weupe iwekwe upya.

Vifaa visibaki wazi usiku. Hewa ya pwani ina chumvi, na plagi za maiki ndizo zinazoanza. Maiki iliyoachwa dirishani ilianza kukwaruza kila waya ulipoguswa, na kwenye plagi kulikuwa na ukungu wa kijani. Spiriti na kitambaa viliirudisha, lakini si yote. Sasa kila kitu kinalala kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.