Tulilala kisiwani, ziwa Kivu, siku mbili: hema sawa, kisiwa safi, boti hapana

Nianze na bei, maana kila nikionyesha picha zile ndilo swali la kwanza. Boti ya mbao yenye motere ya nguvu-farasi 40, kwenda na kurudi, esansi (petroli) ndani yake: dola 120 kwa watu watano. Mahema mawili ya kukodi, dola 10 kila moja, pamoja na dola 20 za dhamana ambazo mwenye mahema alirudisha zote bila maneno. Chakula, makala (mkaa) na maji tulijinunulia wenyewe. Ukigawa, kila mtu alitoa kama dola 35.

Wazo lenyewe lilitoka mbali. Binamu yangu anaishi Carolina ya Kaskazini, Marekani, na aliwahi kunitumia picha za Cape Lookout: visiwa vya mchanga vimejipanga mbele ya bara kama ukuta, urefu karibu kilomita 90, Atlantiki inavipiga upande mmoja. Hakuna daraja, ni boti tu. Maji ya kunywa unabeba, takataka zako unarudi nazo, na mti wa kukupa kivuli usiutegemee. Watu wanalala pale kwenye hema na wanafurahi. Nikajiuliza sisi watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, tulio na ziwa zima mlangoni tunalitumia kwa nini, zaidi ya kuvukia kwenda Bukavu.

Nilipomwambia mama kwamba tunaenda kupiga kambi, alinyamaza kidogo. "Kambi gani? Ya Bulengo?"

Bulengo ilikuwa kambi ya waliokimbia vita. Ilikuwa Julai 2024, na mtu wa Goma hahitaji kuelezwa hema lilimaanisha nini mjini kwetu wakati ule. Njia ya Sake ilikuwa vita, ya Rutshuru imefungwa, ziwa ndilo lilibaki wazi. Tuliondoka Ijumaa tarehe 5, turudi Jumapili. Siku hiyo hiyo ndiyo ulianza usitishaji vita wa kibinadamu wa wiki mbili ambao Marekani ilikuwa imeutangaza, na nadhani ni hilo tu lililomfanya mama aache kunung'unika.

Tulitakiwa kuwa sita. Wa sita, jirani yangu wa Himbi, mtaa wa Goma, alijitoa Alhamisi usiku kwa kuogopa gesi. Alinikumbusha ziwa Nyos la Kameruni, ambalo mwaka 1986 lilitema kaboni dioksidi usiku na kuua watu zaidi ya 1,700. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba Kivu ina gesi hiyo, na methani pia. Lakini hiyo yetu imekaliwa na maji mazito ya kilindini, mamia ya mita chini, wala haichanganyiki na maji ya juu tunayoogelea. Na ikiamua kutoka siku moja, aliyelala kitandani Himbi, hatua mia kutoka ufukweni, hana usalama wowote zaidi ya aliyelala kisiwani. Nilimweleza yote hayo kwa utulivu. Akasema sawa, yeye atabaki Himbi.

Kapteni alisema saa moja asubuhi. Tuling'oa saa tatu kasoro. Kwenye boti kulikuwa na jile (makoti ya kuelea) tatu, na moja kifungio chake kilikuwa kimevunjika, kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Nikamwuliza zingine ziko wapi.

"Leo maji iko kimya, bosi. Unaogopa nini?"

Maji yalikuwa kimya kweli, tukacheka, tukapanda. Kosa hilo silimwekei yeye peke yake. Na kosa la pili ni langu kabisa: nilimlipa dola zote 120 pale pale ufukweni, kabla motere haijawaka.

Safari ilichukua saa mbili na nusu hivi. Jina la kisiwa nitalificha, kwa sababu mwenye mbuzi wake pale hataki umati, ila kiko upande wa kaskazini wa Idjwi, kile kisiwa kikubwa cha katikati ya ziwa, na ukikizunguka kwa miguu unamaliza kabla sigara mbili hazijaisha. Hakina nyumba. Hakina choo, wala bomba, wala kibanda cha soda. Mbuzi saba, vichaka, mawe, na ufukwe wa kokoto unaotosha boti moja.

Ambacho picha za binamu hazikunifundisha ni mteremko. Visiwa vya Cape Lookout ni mchanga uliolazwa na mawimbi, bapa kama meza. Vya kwetu ni vilele vya milima: volkano za Virunga ziliziba bonde upande wa kaskazini, maji yakapanda hadi yakapata mlango wa kusini kwenye Ruzizi, na vilima vikabaki na vichwa tu nje. Kwa hiyo sehemu ya kulala iliyo sawa haipo. Tulizunguka karibu saa nzima tukitafuta. Mahali pekee palipokuwa bapa ni kishimo kimoja kizuri, kimezibwa upepo pande zote, na wote watano tukakitazama, tukatazamana, tukapita. Kisiwa kile si cha mawe ya Nyiragongo, volkano ya kwetu Goma, sidhani kama mazuku, ile gesi ya kuua inayotuama mashimoni, inafika huko. Lakini ukikulia Goma hulali shimoni, basi. Mwili wenyewe unakataa.

Tukaweka mahema kwenye mteremko, vichwa juu, miguu chini, na mpaka asubuhi wote tulikuwa tumeporomokea mlangoni kama viazi kwenye gunia. Vigingi vya hema vilikuwa vyembamba kama sindano za kufumia. Vitatu vilipinda kwenye jiwe la kwanza. Tulifunga kamba kwenye mawe makubwa na hilo likashika vizuri kuliko kigingi chochote. Zaidi ya hapo mahema sina neno nayo. Zipu zinafunga, hayakuvuja umande, na mwenyewe alikuwa ameyafua.

Usiku ndio uliolipa dola 35 zangu. Hakukuwa na mwezi hata kipande, na wavuvi wa sambaza wanalipenda giza hilo: taa zao zinavuta samaki juu, lakini mwezi ukiwa mkubwa taa inakosa kazi, wanabaki nyumbani. Kwenye saa mbili ziwa likawa mji. Ekipe baada ya ekipe, kila moja mitumbwi mitatu imefungwa sambamba, miti mirefu ya wavu imenyooka mbele na nyuma kama mapembe, taa ikining'inia karibu na maji. Wanapiga kasia kwa wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na juu ya maji sauti haipungui, unafikiri wako mlangoni mwa hema wakati wako mbali sana. Hatukuzungumza kwa muda mrefu. Baridi ndiyo iliyotuingiza ndani. Watu wanasahau kwamba ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Leta blanketi la kweli, achana na kitenge.

Saa kumi na mbili asubuhi ekipe moja ilipita karibu ikirudi, tukapiga mluzi, wakatuuzia bakuli mbili. Sambaza akiwa ametoka majini sasa hivi si yule wa sokoni. Ni wa urefu wa kidole, anang'aa kama kipande cha kioo, na ukimtupa kwenye mafuta ya moto juu ya mbabula (jiko la mkaa) anajikunja mara moja na kulia kidogo. Chumvi, pilipili, kichwa na mkia vyote vinaliwa. Samaki huyu mwenyewe ni mgeni Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayeweza kuwaza ziwa bila yeye. Tulimla na fromaji (jibini) ya Masisi, mchanganyiko ambao sijauona popote na sitauombea radhi.

Nyiragongo nilikuwa nimeahidiwa na kila mtu, sikuiona. Kiangazi vumbi na moshi wa mashamba vinaficha milima yote. Anayefuata picha za volkano asiende Julai.

Jumamosi saa nne akaja muzee mmoja kwa mtumbwi, kijana mdogo akipiga kasia. Hapo ndipo tulipojua kwamba kapteni, aliyetuapia kuwa "ameshaongea na mwenye mahali", hakuwa ameongea na mtu yeyote. Muzee ndiye mwenye mbuzi. Alitazama mahema, akatazama sufuria, akatutazama sisi mmoja mmoja, kisha akauliza kitu kwa Kihavu. Rafiki yetu ambaye ni Muhavu wa Kalehe akatafsiri akiangalia chini.

"Anauliza tumekimbia wapi."

Tukamweleza kwamba hatukukimbia, tumekuja kupumzika tu, kesho tunarudi Goma. Akasikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayemkubalia mtoto. Idjwi ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994. Mtu wa umri wake akiona hema ufukweni anajua ni habari gani. Tulimpa dola tano za mahali, akakataa. Mkimbizi halipishwi, alisema. Mwisho alikubali sukari na kipande cha sabuni, kwa shida, na kabla hajaondoka akamwambia kijana ashushe mananasi mawili.

Jumapili kapteni alitakiwa kufika saa tatu asubuhi, na saa hiyo tuliichagua kwa sababu alasiri upepo unaamka na ziwa linabadilika. Saa tatu mahema yalikuwa yamefungwa. Saa tano tukayafungua tena kwa ajili ya kivuli. Simu zetu zilikuwa zimeshika mtandao wa Rwanda. Nilimpigia mara moja, ikaita mara nne, inite (salio) zote zikaisha. Maji tuliyobeba yalikuwa bidoni (madumu) tatu za lita 20, tuliyotia klorini kabla ya kuondoka, na tungekuwa nayo ya kutosha kama siku ya kwanza tusingeyaoshea vyombo kana kwamba tuko nyumbani. Ilibaki robo ya bidoni. Nani alikuwa na hasira zaidi sikumbuki, ila kuanzia saa sita hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina.

Saa saba yule kijana akarudi peke yake na mtumbwi. Ameleta viazi vitamu vya kuchemsha, vya moto bado, ndani ya jani la mgomba. Muzee alikuwa ameona kutoka ng'ambo kwamba bado tupo. Safari hii hata mimi sikuwa na la kubisha, nilipokea kwa mikono miwili.

Boti ilifika saa kumi jioni. Kapteni alikuwa amepata mzigo wa makala, akaupeleka kwanza. Hakuomba msamaha, alisema tu "safari ya ziwa iko hivyo". Mawimbi yalikuwa yameshainuka, maji yanaingia kwa ubavu, tunachota kwa sufuria ile ile ya sambaza. Jile tatu tuliwapa wasiojua kuogelea. Sisi wawili tulifunga vizuri vifuniko vya bidoni tupu, tukazikumbatia. Nilikaa hivyo karibu masaa matatu, nimekumbatia plastiki ya njano, nikihesabu taa za Goma zinavyowaka moja moja, na hakuna hata moja iliyosogea.

Tulifika. Tukacheka tena, ufukweni mambo huchekwa haraka. Kisha tarehe 3 Oktoba mwaka ule ule, boti iliyojaa kupita kiasi kutoka Minova ikapinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Tangu siku hiyo ile kamba ya kiatu kwenye jile hainichekeshi.

Kwa hiyo alama zangu ni hizi: mahema nne kati ya tano, kisiwa tano, boti moja, na hiyo moja ni kwa sababu ilirudi. Nitaenda tena nikijaliwa, lakini kwa nusu malipo wakati wa kwenda na nusu tukishagusa Goma, na nitamtafuta muzee kwanza mwenyewe, si kwa mdomo wa mtu. Jile nimeshanunua. Inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba changu, na hata nikivuka kwenda Bukavu kwa boti kubwa ya kulala naivaa tangu bandarini, wanaocheka wacheke.